Kungoja Zamu: Subira katika Marika ya Wasamburu

Kwa Wasamburu wa kaskazini ya Kenya, maisha ya mwanamume yana ngazi tatu. Mtoto asiyetahiriwa ni layeni. Akishatahiriwa huwa lmurrani, ambaye kwa Kiswahili huitwa morani. Akishaoa na kutulia huwa lpayian, yaani mzee, hata kama umri wake ni miaka 35 tu. Hakuna anayepanda ngazi kwa hiari yake wala kwa sifa zake mwenyewe. Hupandishwa pamoja na rika lake, wakati wazee watakapoona umefika, na kabla ya hapo kazi yake kubwa ni kungoja. Mtoto hangoji kama morani, na morani hangoji kama mzee. Tofauti hizo hazikuachiwa maumbile. Zilitengenezwa na watu, zikalindwa kwa karne kadhaa, na zina historia yake.

Wasamburu ni wafugaji wanaozungumza lugha ya Maa, ndugu wa Wamaasai. Nchi yao ni nyanda za juu za Leroghi, ulipo mji wa Maralal, pamoja na mabonde makavu yanayoteremka kuelekea Baragoi, Barsaloi na Wamba. Hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, na penye ukame zaidi, ngamia. Mvua yao haina ahadi. Mifugo huhitaji watu wa kuichunga mbali na wengine wa kukaa nyumbani, na mpango wa marika ndio uliogawa kazi hiyo: watoto karibu na boma, wamorani porini, wazee kwenye kivuli cha mti wakiamua mambo.

Kila rika, au laji, lina jina lake, na majina hayo ndiyo kalenda ya kabila. Paul Spencer, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti kwao kati ya 1957 na 1960, aliyapanga majina hayo na kukadiria mwaka wa kufunguliwa kwa kila rika: Marikon 1879, Terito 1893, Merisho 1912, Kiliako 1922, Mekuri 1936, Kimaniki 1948 na Kishili 1960. Baada ya hapo likaja Kiroro mwaka 1976, Lmooli 1990 na Kishami 2005. Husemwa kwa kawaida kwamba rika moja hulifuata jingine baada ya miaka 14, lakini ukitazama orodha hiyo utaona kwamba kawaida ni jambo moja na yaliyotendeka ni jingine. Kati ya Terito na Merisho ilipita miaka 19, na hicho ndicho kipindi ambacho sotoka ya ng'ombe, ndui na njaa vilikuwa vimezifilisi jamii zote za Wamaa. Kati ya Merisho na Kiliako ikapita miaka kumi tu.

Matokeo yake ni kwamba subira iliyodaiwa kwa mtu ilitegemea mwaka aliozaliwa. Mvulana wa mwaka 1945 alikuwa na miaka 15 mlango wa Kishili ulipofunguliwa. Aliingia bila kusumbuka sana. Wa mwaka 1952 alikuwa na miaka minane, mdogo mno kwa kisu, na mlango ulipofungwa alibaki nje mpaka Kiroro, akiwa na miaka 24. Kwa miaka hiyo yote aliitwa mtoto, ingawa ndevu zilikuwa zimeota na ndugu yake aliyemzidi kwa miaka michache alikuwa na mkuki, ushanga na mchumba wa kumwimbia. Jamii ambayo watu wa mbali huisifu kwa usawa wa rika haikuwa na usawa huo hata kidogo katika jambo la muda.

Utotoni, kungoja ni suala la tumbo na jua. Mtoto wa miaka mitano au sita huanza na ndama na wana-mbuzi wanaoachwa karibu na boma. Akikua kidogo hufuata mbuzi na kondoo, kisha ng'ombe, akiongozana na wavulana waliomzidi. Hunywa maziwa alfajiri na kurudi jioni. Katikati yake ni matunda ya porini na chochote atakachowinda. Kiangazi hali huwa ngumu zaidi. Maji huchimbuliwa katika mchanga wa mito iliyokauka, na kisima kinapozidi kina watu hupangana ndani yake, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo huku wakiimba ili mkono usipoteze mwendo. Ng'ombe huijua sauti ya wenyewe. Juu, kwenye ukingo, makundi yenye kiu husimama kwa zamu, na anayesimama mbele yake na fimbo, kuyazuia yasivamie birika, ni mvulana ambaye naye ana kiu.

Hata hivyo hakuna aliyemhesabia mvulana huyo subira kuwa ni tabia njema. Neno kuu la maadili ya Wasamburu ni nkanyit, heshima inayokwenda pamoja na kujizuia na kutambua nafasi ya mwenzako, na layeni hakutazamiwa kuwa nayo. Yeye naye alichungwa kama alivyochunga mbuzi. Mnyama akipotea alichapwa na kurudishwa gizani kumtafuta. Akitulia, ni kwa sababu baba au kaka alikuwa karibu. Kosa lake lilikuwa la kitoto na adhabu yake ilikwisha siku ile ile.

Mambo hugeuka mwaka wa tohara unapokaribia. Wavulana wakubwa hutembea kwa makundi kutoka boma hadi boma wakiimba lebarta, nyimbo za tohara, na ndani yake mna ombi na mna tishio. Wazee huwasikiliza, kisha huahirisha. Hoja hazikosekani: mvua haijanyesha, mwezi haufai, ukoo fulani haujawa tayari, rika lililotangulia halijamaliza sherehe zake. Kuahirisha huku si uzembe. Kila mwezi unaoongezwa huwakumbusha vijana ni nani mwenye ufunguo.

Tohara yenyewe ni dakika chache. Mvulana huketi juu ya ngozi ya ng'ombe, watu wake wamemshika mgongo na mguu, na jamaa wamemzunguka wakimtazama usoni. Haruhusiwi kutikisika wala kupepesa kope. Akifanya hivyo, aibu haiishii kwake. Humfuata baba, mama na ndugu zake. Ni hapa kwa mara ya kwanza ambapo kujizuia kunakuwa jambo la heshima ya mtu mwenyewe mbele ya macho ya watu. Kidonda kikiwa bado kibichi, huvaa ngozi nyeusi na kuzurura na upinde, akipiga ndege wadogo kwa mishale butu na kuwatundika kichwani. Muda si mrefu huja lmugit wa mishale, sherehe ya kwanza katika mfululizo wa sherehe za rika, ambapo kila mmoja humwahidi mama yake kwamba hatakula tena nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa. Kutoka siku hiyo ni morani.

Umorani ndio sehemu ndefu, na ndiyo iliyowashangaza wageni kuliko zote. Kijana mwenye nguvu, mwenye nywele ndefu zilizosukwa na kupakwa ngeu, anaweza kukaa katika ngazi hii miaka kumi, kumi na miwili, hata kumi na minne, bila mke, bila sauti katika baraza na bila madaraka juu ya ng'ombe wa baba yake. Badala ya hayo amepewa miiko, lminong. Nyama yake huliwa porini, mbali na macho ya wanawake walioolewa. Hali chakula nyumbani kwa mama yake. Maziwa hanywi peke yake.

Mwiko huu wa mwisho unastahili kutazamwa kwa karibu. Morani hufika bomani jioni, baada ya kutembea kutwa kutoka fora, yaani kambi ya mbali ya mifugo. Mama ana maziwa kwenye kibuyu. Kijana hawezi kuyagusa mpaka apatikane mwenzake wa rika, na kama mwenzake yuko boma la tatu, lazima akamtafute au alale na njaa. Wakishakutana, hakuna anayepaswa kuonyesha kwamba ana haraka. Katika mwaka wa ukame faida yake huonekana wazi: vijana wenye nguvu, ambao wangeweza kumaliza chakula cha nyumba kwa mkao mmoja, hawamo katika hesabu, na kidogo kilichopo hubaki kwa watoto na mama zao. Lakini hata mwaka wa neema mwiko haulegezwi. Mlinzi wake ni mwenzake yule yule anayekunywa naye, kwa maana morani anayekula kwa siri huvunja jina la rika zima. Kile kilichofanywa utotoni na fimbo ya baba sasa kinafanywa na macho ya wenzake, na macho ya wenzake hayalali.

Si kwamba wamorani walikuwa watulivu. Walijulikana kwa wizi wa ng'ombe, kwa ugomvi kati ya koo na kwa kuwafuata wake za wazee. Walikuwa pia na hali ya kupandwa na mtetemeko: katika ngoma au penye hasira, morani huanza kutetemeka mwili mzima, hukoroma, na wenzake humshika mpaka apoe. Wazee walilalamika kwamba vijana hawana nkanyit, na malalamiko hayo yalirudiwa na kila rika dhidi ya lile lililolifuata. Spencer aliona jambo la ajabu zaidi: wale wale waliolaumiwa kwa utovu wa heshima, miaka michache baada ya kuoa, ndio waliokuwa wakali kuliko wote katika kuidai heshima kwa wengine.

Alieleza mabadiliko hayo kwa kuzitazama sherehe za lmugit, ambazo hufanyika kwa miaka mingi: wa mishale, wa jina, wa fahali, na mwisho wa maziwa na majani. Kwa ajili yake familia hukusanyika katika boma kubwa liitwalo lorora. Katika lmugit wa jina huchaguliwa launoni, kiongozi wa ibada wa rika, cheo ambacho wengi hukihofia kuliko kukitamani kwa sababu ya mzigo wake. Kati ya sherehe na sherehe, wamorani huitwa mara kwa mara mbele ya wazee wa moto, wanaume wa rika la pili juu yao, waliopekecha moto wa kuanzishwa kwa rika hilo. Hawa huwakaripia kwa saa nyingi, huwatoza ng'ombe, na nyuma ya maneno yao ipo laana, silaha ambayo kijana hana ya kulingana nayo. Spencer, aliyekuwa amesoma kitabu cha daktari Mwingereza William Sargant kuhusu namna mashaka na uchovu vinavyoweza kuugeuza moyo wa mtu, aliamini kwamba kukaripiwa huku, kukija pamoja na msisimko wa sherehe, ndiko kulikowageuza vijana pole pole kuwa wazee. Mtu anaweza kubishana na saikolojia yake. Ni vigumu kubishana na alichokiona.

Kwa kulinganisha, katika miaka ambayo Kishili walikuwa porini, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikuwa akiwaketisha watoto wa miaka minne hivi mbele ya peremende, akiwaahidi ya pili wakiweza kungoja. Subira iliyopimwa huko ilikuwa ya dakika, si ya miaka: kwa kawaida dakika 15.

Nani aliyefaidika na kungoja kwa morani? Spencer alilijibu swali hilo katika jina la kitabu chake cha 1965, kinachowaita Wasamburu utawala wa wazee. Hesabu yake ni rahisi. Wasichana waliolewa mara tu baada ya kukeketwa, wengi wao wakiwa bado wadogo. Wanaume hawakuoa mpaka walipokaribia miaka 30 au kuipita. Tofauti hiyo ya umri iliacha wanawake wengi kuliko wanaume walioruhusiwa kuoa, na wanaume wenye umri waliweza kuoa mke wa pili na wa tatu. Kama wamorani wangeoa wakiwa na miaka 20, hesabu isingetimia. Kwa hiyo subira iliyosifiwa mbele ya vijana kuwa ni adabu ilikuwa pia akiba ya wazee. Morani alimvisha shanga msichana aliyempenda, akamwimbia kwa miaka, kisha akasimama pembeni siku alipochukuliwa na mwanamume wa umri wa baba yake. Msichana mwenyewe hakufundishwa kungoja. Aliharakishwa, na ni haki kusema kwamba muda uliopunguzwa kwake ndio uliorefushwa kwa kaka yake.

Mzee naye ana kungoja kwake, lakini hakufanani na kule alikotoka. Katika baraza, nkiguena, hoja moja kuhusu malisho au mahari yaweza kuzungushwa siku nzima. Kila msemaji husimama na fimbo yake, hurudia yaliyosemwa kabla ya kuongeza lake, na hakuna kura. Wanaendelea mpaka asiwepo wa kupinga. Anayepandisha sauti mapema hujishusha. Mtu ambaye miaka kumi nyuma alikuwa akitetemeka kwa hasira sasa hushinda kwa kukaa kimya kuliko wenzake. Anaweza kumudu, kwa kuwa muda uko upande wake: mifugo ni yake, mabinti ni wake wa kuoza, laana ni yake, na kijana anayemdai jambo ndiye mwenye haraka.

Majirani walikuwa na mipango ya aina hii kwa vipimo vyao. Wamaasai hupita enkipaata kabla ya tohara, kisha eunoto, ambapo mama humnyoa morani nywele zake na baadhi ya wamorani hulia hadharani, na mwishoni olng'esherr inayowaingiza katika uzee. Kwa kawaida wao huoa mapema kuliko Wasamburu. Waborana wana gada, yenye vipindi vya miaka minane minane.

Serikali ya kikoloni haikuona subira katika haya yote. Iliona vijana wasio na kazi wenye mikuki. Kwa Wamaasai wa Kenya ilijaribu kuwavuta wamorani kwa nguvu, na mara tatu wakapambana nayo: mwaka 1918, wakati wa kuandikishwa kwa vijana jeshini, mwaka 1922, ilipotaka kuvunja manyatta, makazi ya wamorani, na kufupisha umorani, na mwaka 1935, kwa sababu ya kazi ya barabara. Kwa Wasamburu jambo lililochafua hali lilikuwa kifo cha Mzungu mmoja wa Laikipia, Theodore Powys, mwaka 1931. Wamorani walishukiwa, kesi ikasikilizwa mwaka 1934 na haikuwatia hatiani, lakini katika miaka hiyo walipigwa marufuku kubeba mikuki. Maofisa waliamini kwamba kijana akinyang'anywa vita atageuka mfanyakazi. Kilichotokea ni kwamba vita vilipungua na kungoja kukabaki. Umorani uliokuwa na kazi ya kulinda na kuteka mifugo ukawa, kwa sehemu kubwa, muda wa kukaa. Spencer aliwakuta katika hali hiyo, na picha yake ya wazee wanaowachelewesha vijana ni ya Wasamburu chini ya amani ya Mwingereza. Haifai kusomwa kama picha ya zama zote.

Lililouvuruga mpango huu kuliko amri za serikali ni shule na mshahara. Mvulana wa shule huhesabiwa kwa darasa, na hupanda kila mwaka bila kuuliza wazee. Tohara yake ikabidi isogezwe likizoni. Jeshi, polisi na kazi ya ulinzi mijini ziliwapa vijana fedha ambazo hazikutoka katika zizi la baba. Kuanzia miaka ya 1980 wamorani wengi walishuka pwani ya Mombasa kucheza ngoma na kuuza shanga kwa watalii, na baadhi yao walifanya uhusiano na wanawake wa Ulaya. Mwanaanthropolojia George Paul Meiu, aliyeandika juu yao mwaka 2017, aliwakuta vijana waliorudi nyumbani na magari, wakajenga nyumba na kuoa kabla ya wakati wao. Mali walikuwa nayo. Umri wa kuitumia, kwa macho ya rika, hawakuwa nao. Walisengenywa, wakaombwa fedha, na wengi walizitapanya haraka kwenye sherehe, kana kwamba kuzimaliza ndiyo njia ya kurudi mahali pao katika foleni. Chakula kiliyumba pia. Jon Holtzman, katika kitabu chake cha 2009 kuhusu vyakula vya Wasamburu, alionyesha jinsi unga wa kununua na chai vilivyoingia mahali pa maziwa na nyama, na jinsi miiko iliyotungwa kwa ajili ya vyakula vya mifugo ilivyokosa mahali pa kushika.

Sherehe hazijafa. Kishami walitahiriwa kuanzia 2005 kama walivyotahiriwa waliowatangulia, ila wengi wao walikuwa wanafunzi. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza enkipaata, eunoto na olng'esherr za Wamaasai katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa upande wa wasichana mwelekeo ni wa kinyume: Kenya ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011, na Machi 2021, huko Kisima, wazee wa Kisamburu walitoa azimio mbele ya Rais Uhuru Kenyatta la kukomesha ukeketaji na ndoa za utotoni. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, mzee anayetaka kuoa msichana hulazimika kungoja mpaka afikishe miaka 18.